Benchi la Mbele

Maxine hakuwa amepanga kukaa mbele. Alifika uwanjani Kericho amechelewa, na nafasi iliyobaki ilikuwa benchi la kwanza, karibu na mstari hadi akawa anasikia wachezaji wakihema. Alikuwa karani wa kiwanda cha majani chai, mtoto wa kando ya ziwa, na siku hiyo alivaa rinda la manjano alilolipiga pasi vizuri. Seti ya pili, mchezaji mmoja mrefu aliukimbilia mpira wa voliboli uliotoka nje, akaanguka miguuni pake. Chai yote aliyokuwa ameshika Maxine ikamwagikia rinda lake.

Jioni mchezaji huyo akapiga simu. Nambari alipewa na Jerusa, mfanyakazi mwenza wa Maxine aliyewafahamu wachezaji. Alijitambulisha kuwa Kiptanui wa Kimulot, akaomba msamaha mara tatu, akauliza kama rinda litapona. Maxine akacheka. Tangu hapo simu hazikukatika, na kila mechi alirudi benchi lile, Kiptanui akimtania kwamba samaki wa ziwani amekuja kuvuliwa na mpira.

Kisha, wiki moja kabla ya fainali ya Bomet, Kiptanui akamwomba asifike.

"Mbona?"

"Mamangu atakuwepo. Tafadhali, mpenzi, hii moja tu usikuje."

Maxine akaona ameelewa: anamwonea aibu kwa mamake kwa kuwa si wa kabila lao. Hakupokea simu zake tena. Lakini Jumamosi ya fainali kukaa nyumbani kulimshinda. Akaenda Bomet, akajificha safu ya nyuma kabisa, leso kichwani.

Kiptanui hakucheza. Alikaa na wachezaji wa akiba, jaketi imefungwa hadi shingoni. Wakati wa mapumziko aligeuka, akamwona, akapanda ngazi akichechemea.

"Ni goti," alisema. "Kocha aliniondoa kikosini siku ile nilikuomba usikuje. Mama kuniona nimekaa tu, sawa. Lakini wewe pia unione hivyo, singeweza."

"Nilidhani ni mimi unaficha."

"Wewe? Mama anakuulizia kila Jumapili."

Maxine akamsogelea. "Sikukupendea mpira, Kip. Ukikaa, nitakaa na wewe."

Wakashuka pamoja. Mamake Kiptanui, Mama Phyllis, mwanamke wa sweta ya kijani, alimtazama Maxine kuanzia viatu hadi leso, kisha akauondoa mkoba wake kwenye benchi.

"Karibu, Maxine. Huyu aliniambia hutakuja. Nikakuwekea nafasi hata hivyo."