Mkono Usioachia Kamba

Gunia lilichanika katikati ya ngazi za soko, saa ambayo kila mtu alikuwa anashuka na hakuna aliyetaka kupisha. Viatu vikamwagika. Vilikuwa viatu vidogo vya ajabu, vyenye pua kali na mpira mweusi hadi juu ya vidole. Viliporomoka ngazi baada ya ngazi, na kimoja kikatua utosini kwa mwanamke aliyekaa chini ya ngazi hizo akishona soli.

"Kaka, kama ulitaka kuniua si ungekuja na tofali?"

Huyo alikuwa fundi viatu, mwanamke pekee wa kazi hiyo sokoni. Alivaa gauni la maua ya njano na aproni ya ngozi juu yake, na waliozoea kumtania walishaacha, maana ulimi wake ulikata kuliko kisu chake.

Mwanamume alishuka mbio, mrefu, mabega mapana, viganja vyeupe kwa chaki.

"Samahani dada yangu. Nimekuumiza?"

"Umenichafua nywele. Nimesuka jana tu."

"Zimependeza hata zikiwa na vumbi."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hivi ni viatu vya nini? Mtoto gani anavaa kiatu kinachobana hivi?"

"Vya kupandia miamba. Nafundisha watoto wa kule machimboni. Vyote vimetoboka vidoleni, na nimezunguka kwa mafundi watano, wote wamenicheka."

Alikuwa anasema kweli. Nyuma ya nyumba za mabati, pale ambapo kina mama bado waliponda kokoto, wakata mawe walikuwa wameacha ukuta wa mwamba mrefu kama nyumba ya ghorofa tano. Kila Jumamosi watoto wa mtaa huo walijifunga mikanda viunoni na kuupanda. Mdogo kuliko wote alikuwa binti wa miaka tisa aliyeitwa Sisimizi.

"Sisimizi?" Fundi aliweka nyundo chini. "Huyo si mtoto wa kaka yangu! Kumbe Mwalimu anayetusumbua naye masikio kila siku ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Na wewe pia utacheka?"

"Nitacheka huku nashona. Leta hapa."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baada ya miezi miwili soko zima lilijua kwa nini Fundi anatabasamu na simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeanguka mara ngapi leo?"

"Nilianguka mara moja tu, laazizi. Siku ile ya ngazi."

Yangeendelea hivyo mpaka uzee kama si Nesi. Nesi alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa, na kwa miaka sita yeye na Mwalimu walipanda pamoja, mmoja juu na mwingine chini akimshikia kamba iliyopitishwa kwenye pete ya chuma kileleni, asianguke. Jioni moja, mdomo umejaa mkate, Mwalimu akasema, "Hakuna mtu duniani ninayemwamini kama Nesi."

Mwanamume mwenye akili timamu angeyameza maneno hayo pamoja na mkate. Chai ya Fundi ilipoa bila kunywewa.

Kesho yake Sisimizi alikuja kukaa kibandani kwa Fundi, akaanza kusifu. "Shangazi, Mwalimu akimshikia Nesi kamba hapepesi macho! Hata inzi akitua puani, anamtazama tu!"

Mtoto alikuwa anamsifu mwalimu wake. Shangazi mtu akajipiga nyundo kidoleni.

Jumamosi Fundi alimpigia Mwalimu simu mara nne, haikupokewa. Akafunga kibanda mchana kweupe, akavaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kuliko yote, akatia hereni ndefu na kwenda machimboni. Alitaka kuona kwa macho yake, na alichokiona kilimchoma. Juu ya mwamba alikuwa Nesi, suruali nyekundu, miguu mirefu isiyo na haraka. Chini alisimama Mwalimu, shingo ameinua, anamtazama kama vile dunia nzima haina kitu kingine. Fundi hakuwahi kutazamwa hivyo hata siku moja.

"Mwalimu!"

Watoto wakageuka. Kina mama wakaacha kuponda mawe. Mwalimu hakugeuka.

"Mwalimu, nakuita!"

"Subiri," akasema, macho yakiwa kule kule juu.

Hakusubiri. Alitoka pale akiwa na machozi na hasira, vyote viwili, na kisigino kimoja kilivunjika njiani.

Jioni simu ikalia.

"Ulinisikia?" akauliza Fundi kwanza.

"Nilikusikia, mpenzi. Lakini nilikuwa nimeshika kamba. Ningegeuka halafu—"

"Na simu nne je?"

"Mkono wa kulia hauachii kamba. Ndiyo sheria ya kwanza pale."

"Basi usiiachie. Mimi si mtu wa kuambiwa subiri mbele za watu, ili umalize kumwangalia mwanamke mwenzangu."

Akakata. Naye Mwalimu alipopiga tena na tena, simu ililia mpaka ikachoka.

Tatizo ni kwamba viatu jozi kumi na mbili, vilivyoletwa tena kubandikwa mpira, vilikuwa bado vinaning'inia kibandani mwake, na Jumamosi iliyofuata watoto wangepanda ukuta mrefu mbele ya wazazi wao. Siku ya Jumatano Mwalimu akaja mwenyewe. Alimkuta Fundi ameinamia kiatu cha mteja.

"Fundi wangu."

"Subiri. Nimeshika sindano."

Alisubiri karibu saa nzima. Fundi hakuinua uso, ingawa sindano yenyewe ilikuwa imeshaishiwa uzi.

"Basi," Mwalimu akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mimi niache ukitaka. Lakini bila viatu watoto hawapandi, na Sisimizi hajalala wiki nzima akiisubiri siku hiyo."

Akaondoka. Fundi alilia kidogo, akajifuta kwa aproni, akashusha viatu vyote. Mwanamume aliyemuudhi alikuwa mmoja, miguu ilikuwa ya watoto kumi na wawili. Ijumaa jioni alibandika kipande cha mwisho cha mpira.

Jumamosi alifika na gunia begani, akiwa amejiapiza kulitua na kuondoka. Mwalimu alikuwa juu ya mwamba anafunga kamba. Aliyempokea ni Nesi.

"Wewe ndiye Fundi? Afadhali nimekuona. Huyu bwana ametuchosha, Fundi hivi, Fundi vile. Hata tukiwa tunakula!"

Fundi akalitua gunia, akasahau kuondoka.

Mchomeleaji vyuma wa mtaani, ambaye hushika kamba ya pili, hakuwa amefika. Zamu ya Sisimizi ikaja, naye akaukalia mchanga, mikono kifuani. "Sipandi mpaka Shangazi anishikie."

"Mimi? Mimi nashika viatu, mwanangu."

"Njoo," Nesi akasema, huku akimfunga mkanda kiunoni. "Mkono wa kulia hapa chini, hauachii. Macho kwa mtoto. Mimi nitashika mkia wa kamba nyuma yako, ukikosea ninayo."

Sisimizi akaanza kupanda. Fundi akavuta kamba, akavuta tena, shingo ikamuuma. Mtoto alizidi kuwa mdogo pale juu. Simu ikalia mfukoni mwa aproni, ikalia mpaka ikanyamaza. Inzi akatua kwenye nyusi yake na kutembea.

"Fundi." Ilikuwa sauti ya Mwalimu, nyuma yake. Alikuwa ameshuka kwa njia ya nyuma.

"Subiri," akasema Fundi.

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Nyuma yake Nesi akaguna kwa kicheko.

"Usigeuke," Mwalimu akasema. "Afadhali hivyo, macho yako nayaogopa. Nataka kuja kwa kaka yako nijitambulishe. Nataka kukuoa."

Kabla Fundi hajajibu, juu kule mguu wa Sisimizi uliteleza. Kamba ikakaza, ikamnyanyua Fundi vidoleni. Mkono wa kulia haukuachia.

"Shangazi! Umenishika?"

"Nimekushika, mama. Tafuta pa kukanyaga. Taratibu."

Sisimizi akapata jiwe, akapanda mpaka juu, akagusa pete ya kamba na kupiga kelele hadi kina mama wakashangilia. Fundi alimteremsha polepole mpaka nyayo zikagusa mchanga. Ndipo alipogeuka. Alimtazama Mwalimu bila kupepesa.

"Rudia sasa, nikiwa nakuangalia."

Akarudia, kwa kigugumizi.

"Wewe ukipanda, nani anakushikia kamba?"

"Nesi."

"Mpaka lini?"

Mwalimu akamtazama Nesi, Nesi akatazama mawingu.

"Mpaka utakapojifunza," akasema Mwalimu.

"Basi kaka yangu yupo Jumapili. Na kujifunza naanza leo, maana huko juu sitaki ushikwe na mtu mwingine."

Nesi akacheka, akauweka mkia wa kamba kiganjani mwa Fundi.

"Chukua, shemeji. Miaka sita mabega yananiuma."