Kibao cha Dada Upande Mweupe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kabisa ili usipoteze muda kumtafuta mwingine, maana mbele ya safari watu wazima wawili watajaribu kuninyang'anya cheo hicho, na wala hawakustahili kukipata.

Kila Jumamosi mimi na dada yangu tulikuwa tukienda kwenye klabu ya mashua za matanga, pale ziwani. Usidhani tulikuwa na mashua yetu. Sisi tulikuwa watu wa kujitolea: tunafagia ukumbi, tunasuuza matanga, tunawasukumia wenzetu mashua majini, kisha na sisi tunaruhusiwa kuziendesha bila malipo. Dada alikuwa ameingia kidato cha kwanza, na akishika usukani mashua ilimtii kuliko mimi ninavyomtii mama. Mimi nilikuwa darasa la sita, na kazi yangu ilikuwa habari. Nilipewa kipaza sauti, nikawa nasoma habari za klabu: nani ameshinda, tanga gani limechanika, nani amesahau viatu bafuni. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine anazozijua mama, watu waliniita Redio.

"Leo utatuambia nini, Redio?" Dada aliniuliza asubuhi hiyo tukiwa njiani. "Maana Jumamosi iliyopita ulitutangazia kwamba mvua inakuja, na sisi tulikuwa tumeshalowa."

"Leo habari zangu zitakuwa za moto. Mtazipata kabla hazijatokea!"

"Hizo si habari, mdogo wangu. Huo ni uongo ulioamka mapema."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinichoma. Nikajiapiza kwamba siku hiyo hakuna jambo litakalotokea pale klabuni bila mimi kuwa wa kwanza kulisema.

Sasa, pale klabuni palikuwa na sheria moja ambayo hata Fundi, mzee aliyekuwa akibishana na kila kitu mpaka na injini zake, hakuwahi kuibishia. Karibu na mlango wa ukumbi kulitundikwa ubao mpana, nusu mwekundu, nusu mweupe, wenye misumari mingi. Kila mmoja wetu alikuwa na kibao chake kidogo chenye jina. Ukiingia majini, unakitundika kibao chako upande mwekundu. Ukirudi nchi kavu, unakirudisha upande mweupe kwa mkono wako mwenyewe. Hukirudishi cha rafiki wala cha ndugu. Hata kama umelowa chapachapa na tumbo linanguruma, unapanga foleni, unakirudisha, ndipo uende zako. Kocha, mama mmoja mrefu aliyetufundisha kuendesha mashua, alikuwa akisema ubao ule ndio macho yake ya pili.

Siku hiyo kulikuwa na mashindano ya watoto. Yalipokwisha, Kocha alimwita Dada, naye alikuwa bado majini.

"Mwanangu, niletee lile boya la mwisho, lile la nyuma ya matete. Likiachwa litapelekwa na upepo."

"Haya, Kocha!" Dada akageuza mashua, akaenda.

Mimi sikusikia lolote kati ya hayo. Nilikuwa ndani napuliza kipaza sauti, "Moja, mbili, moja, mbili," kama mtu anayefundisha kuku kuhesabu.

Mara wingu zito likatanda. Mashua zote zikakimbilia ufukweni kwa pamoja, na pale pakawa vurugu tupu. Huyu anavuta toroli la kubebea mashua yake, yule anakunja tanga, mwingine anatafuta taulo ambalo amelivaa shingoni. Foleni ya ubaoni ikawa ndefu, na watoto wakawa wanatetemeka, meno yanagongana. Niliwatazama, nikawahurumia. Huo ni ukweli. Lakini ukweli wote ni kwamba nilikuwa na haraka ya kutangaza.

"Nendeni mkabadilishe nguo!" nikawaambia. "Vibao nitawarudishia mimi!"

Wakanishangilia kama waziri. Nami nikavikusanya vibao vyote vya upande mwekundu, fungu kwa fungu, kama mtu anayevuna mahindi, nikavitundika upande mweupe. Sikusoma hata jina moja. Kisha nikakimbilia kipaza sauti.

"Habari za sasa hivi! Wote wamerudi nchi kavu salama! Nasema, wote wamerudi!"

Mvua ikaanza kumwagika. Kocha akaingia huku maji yakimchuruzika, akautazama ubao. Weupe mtupu.

"Dada yako amekwisharudi?" akaniuliza.

"Amerudi, Kocha. Nadhani ametangulia nyumbani, ana mazoezi ya hesabu." Lile neno "nadhani" nililisema kwa sauti ndogo sana.

Kocha akautazama tena ubao, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Fundi, hatuna mtu majini. Itoe injini kwenye boti ya uokoaji, uioshe."

Fundi akaitoa. Nami nikaanza kusoma matokeo kwa sauti ya juu kabisa, nikiyatia chumvi na vichekesho, mpaka madirisha yakawa yanatetemeka. Watoto walicheka wakagaagaa. Niseme ukweli, nilikuwa nimenoga.

Mvua ilipopungua, tukasikia ukelele nje. Hakuwa mtoto, alikuwa Fundi, ameshika kidole cha mguu, anaruka kwa mguu mmoja.

"Nani ameacha toroli njiani? Nani huyo? Nimuone sura!"

Tukatoka. Matoroli yote yalikuwa yamepangwa, kila moja na mashua yake juu. Hilo moja lilikuwa tupu.

"Hilo ni la akiba," mtoto mmoja akasema.

"La akiba lilivunjika gurudumu, liko bandani," Fundi akajibu.

"Basi kuna mashua imepelekwa kutengenezwa."

"Imetengenezwa na nani? Fundi hapa ni mimi, na mimi sikuletewa!"

Kocha akaurudia ubao, akaukagua kibao kwa kibao. "Mbona wote wamo?"

"Ubao unasema wote wamo," Fundi akasema huku akikisugua kidole chake, "na toroli linasema mmoja hayumo. Mimi nataka kujua ni yupi kati yao ananidanganya."

Basi ikawa hakueleweki kitu. Kocha akatupanga mstari ili atuhesabu, lakini kila akifika katikati mtu anatokea chooni au jikoni na kujipachika mbele. Watoto wawili walikuwa wamekwishachukuliwa na wazazi wao, au labda watatu, hakuna aliyekuwa na hakika. Mmoja aliapa kwamba amemwona fulani akiondoka, na huyo fulani alikuwa nyuma yake anakula mkate. Fundi naye akajihesabu mara mbili, akakataa kabisa kusahihishwa. Kadiri tulivyozidi kuhesabu ndivyo tulivyozidi kupotea.

Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinazunguka. Nilimwona Dada akirudi? Nilijaribu kuikumbuka sura yake katika ile foleni. Nikaiona, tena wazi kabisa. Halafu nikagundua kwamba naiona amevaa sare ya shule, kumbe ilikuwa kumbukumbu ya jana. Nikaenda bafuni. Nguo zake kavu zilikuwa bado zinaning'inia kwenye msumari, na viatu vyake viko chini yake, vimekaa sambamba kama alivyoviacha.

Nikatoka mbio.

Niliporudi, Kocha alikuwa anauliza, "Kuna mtu aliyegusa kibao kisicho chake?"

Wenzangu walitazama chini. Walijua, lakini hakuna aliyetaka kunitaja, maana walikuwa wamenishangilia. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri hivi: nikisema, kipaza sauti nitanyang'anywa leo hii hii, na nitachekwa mpaka nimalize shule. Halafu nikaviona tena vile viatu, vimekaa sambamba bila mtu. Dada yangu alikuwa huko majini na mvua ile yote, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akimtafuta, kwa sababu mimi nilikuwa nimetangaza kwamba amerudi.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, haikuwa ya redio yoyote. "Nilivirudisha vyote mimi. Sikusoma majina. Na Dada hayuko nyumbani, Kocha. Nguo zake ziko bafuni."

Nilisubiri kofi, au matusi. Kocha hakunipa hata kimojawapo. Alisema neno moja tu, "Matete," kisha akaelekeza kidole ukumbini. "Zima huo mtambo."

Kumbe kipaza sauti kilikuwa bado kinanguruma peke yake. Nikakizima. Utulivu ukashuka, na ndani ya utulivu ule tukasikia kitu chembamba kikitoka mbali, upande wa matete. Firii. Kimya. Firii.

Ilikuwa filimbi. Kila jaketi la kuokolea pale klabuni lilikuwa na filimbi yake ya kuvaa shingoni.

"Muda wote anapuliza," Fundi akasema taratibu, "na sisi tunasikiliza vichekesho."

Yaliyofuata sikuyaona vizuri kwa sababu ya machozi, lakini mikono yangu ilifanya kazi. Injini ilikuwa imelala kwenye karai kama mgonjwa. Tukaibeba watu wanne, Fundi akaifunga huku akiitukana kwa lugha ambayo siwezi kuiandika humu. Ikagoma. Akaivuta kamba tena. Ikakohoa, ikawaka. Yeye na Kocha wakaondoka, mawimbi yakitimka pande zote mbili. Mimi niliachwa ufukweni. Hakuna aliyenikataza kwenda, nilijua tu kwamba sina haki ya kuomba.

Walirudi wakiivuta mashua nyuma yao. Dada alikuwa ameketi katikati, amefunikwa koti la Fundi, midomo imepauka, na filimbi bado iko mdomoni kana kwamba ameisahau. Mashua yake ilipinduliwa na upepo karibu na boya. Mara nyingine angeiinua mwenyewe, lakini kule maji ni mafupi, na mlingoti ulikita kwenye tope, ukakataa kung'oka. Alipanda juu ya tumbo la mashua, akakaa hapo, akapuliza.

"Nilisikia jina langu," aliniambia huku akitetemeka. "Ulilisema kwenye kipaza sauti. Ulisema nimeshika nafasi ya pili, kila mtu anipigie makofi. Nikasikia makofi."

Nikamshika mkono ashuke.

Tukamwingiza ukumbini, akapewa blanketi na kikombe cha chai. Hapo ndipo wale watu wazima wawili walipoanza kugombea cheo changu.

"Kosa ni langu," Kocha akasema. "Nilimtuma mimi. Ningepaswa kulitazama ziwa, nikatazama ubao."

"La, ni langu," Fundi akasema. "Injini haitolewi mpaka umehesabu mashua. Nina miaka mingi kuliko huo ubao."

"Fundi, usinibishie hata kwenye lawama!"

Mimi, badala ya kukaa kimya, nikafarijika. Nikaona lawama zinagawanywa vizuri, huenda kipande changu kitabaki kidogo. Lakini Kocha akanigeukia, akanivuta karibu.

"Nisikilize, mwanangu. Umefanya vizuri kusema ukweli ulipoulizwa, na ukweli huo ndio uliotupeleka kwenye matete. Lakini kibao kile si pambo. Ukikitundika upande mweupe umeniahidi jambo: mwenyewe yuko hapa, nimemwona. Habari nayo ni hivyo hivyo. Ukishika kipaza sauti, watu wanaacha kutazama kwa macho yao, wanatumia yako. Usiwape kitu ambacho macho yako hayajakiona. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Kocha."

"Basi washa mtambo. Waambie watu kwamba habari uliyowapa haikuwa kweli, na ueleze kwa nini."

Wazazi walikuwa wameanza kufika, ukumbi umejaa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, bado hajui kitu, ananitabasamia. Uso ukaniwaka moto.

"Kocha, mbele ya watu wote hawa? Si wataacha kuniamini kabisa!"

"Washa."

"Lakini nilikuwa nasaidia! Wale wengine walikuwa wanaganda kwa baridi."

"Hapo ana hoja," Fundi akasema, maana hakuweza kuuacha ubishi upite bila yeye kuupanda.

Nikapata nguvu. "Tena, Kocha, tukisema haki, nilikosea kibao kimoja tu. Kimoja! Wale wengine wote niliwapatia."

Dada akaweka kikombe chini. Akaivua filimbi shingoni, akanivisha mimi.

"Haya," akasema, "Jumamosi ijayo wewe ubaki kule kwenye matete, na mimi nitawapatia wengine wote."