Mlango wa Kuchorwa

Nilirudi kwenye bustani ya sinema pale Uthiru jua likizama, kuchukua sufuria za dada yangu. Pahali penyewe palikuwa pamefungwa tangu mwaka uliopita. Mwenyewe, mzee Muigai, alikuwa ameuza kiwanja. Kesho yake matingatinga yangeingia.

Dada yangu Nzula aliuza bisi hapo. Siku moja hakurudi nyumbani. Muigai alisema ametoroka na mwanamume. Watu waliamini upesi. Hata mama.

Mlinzi, Ephantus, alinifungulia geti.

"Chukua vitu zako utoke haraka," alisema. "Mimi huko ndani siingii."

Niliingia. Upande mmoja kulikuwa na maduka na mikahawa, milango ya vyuma imeshushwa, kufuli zimeshika kutu. Upande wa pili ulikuwa ukuta mnene uliochorwa mtaa wa kwenye filamu: madirisha, mapazia, milango ya rangi tupu.

Nilikuwa nimeshika sufuria nikasikia harufu.

Bisi. Moto moto.

Stima ilikatwa zamani.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka kwenye ukuta. Kwenye mlango wa kuchorwa.

"Mwongeli..."

Ilikuwa sauti ya dada yangu.

"Mwongeli, nifungulie. Huku kuna joto."

"Nzula, niko hapa," nilisema.

Niliweka kiganja ukutani. Palikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Nilitafuta kishikio, nikapapasa rangi. Nilikwaruza hadi kucha zikavunjika.

Kisha kukawa kimya. Harufu ikaisha.

Getini Ephantus aliona vidole vyangu, akatazama chini.

"Huo ukuta walimaliza ile wiki dada yako alipotea," alinong'ona. "Kabla ya hapo biashara ilikuwa imelala. Ukuta ulipoisha, wateja wakajaa mpaka barabarani. Halafu watoto wakaanza kukataa kupita hapo. Wanalia tu. Ndio ikafungwa."

"Na ukanyamaza?"

"Niko na familia, Mwongeli."

Polisi waliniambia nikapumzike. Asubuhi nilisimama kando ya barabara nikatazama tingatinga likiangusha ukuta. Nyuma ya ule mlango kulikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mmoja, amesimama.

Ilikuwa tupu.

Jioni nilimweleza mama kila kitu. Nilitaka alie. Nilitaka amwombe Nzula msamaha, hata kama ni kwa hewa. Aliuliza jambo moja tu.

"Alipokuita, uliitika?"

"Niliitika, mama. Ni dada yangu."

"Ukimwitikia aliyekufa, umemfungulia mlango," alisema, akasogeza kiti chake mbali nami. Usiku huo alilala kwa jirani.

Alfajiri alinikuta jikoni nikichemsha chai. Alibaki mlangoni, shuka mabegani, akinitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akaongea kwa upole, vile anavyoongea na wageni.

"Wewe ni yupi?"

Nilifungua mdomo kumjibu.

Nikasita.