Herufi za Mkono wa Kushoto

Hakuwa na kofia, hakuwa na kiatu cha kulia, hakuwa na rangi usoni, na kuanzia chini ya kiwiko hakuwa na mkono wa kulia. Luteni huyo kijana alilazwa kwenye machela katika varanda iliyofurika majeruhi, na nesi aliyepita mbio na beseni nusura amkanyage.

"Pole, Luteni!"

"Ungekanyaga tu, Sista," akajibu macho kayafumba. "Ningejua niko hai."

Kabla ya vita hospitali hiyo ilikuwa shule, na ubao mweusi ulibaki wodini. Wiki ya tano Luteni akasimama mbele yake, chaki mkono wa kushoto. Herufi moja tu ilimtoa jasho. Jioni hiyo nesi akaandika nyumbani: "Mama, nimepokea watoto wengi, lakini sijapata kuona mtu mzima akizaliwa upya, herufi kwa herufi."

Baadaye Luteni akahamia kwenye karatasi, akawa anaificha chini ya mto.

"Unamwandikia nani?"

"Mwanamke mmoja mkali kweli. Akinikataa nimekwisha."

Nesi akacheka kwa meno tu. Siku tatu kidonda kilifungwa na nesi mwenzake.

Siku ya nne, Luteni akiwa ameruhusiwa kuondoka kesho yake, nesi akapita, aproni nyeupe imenyooka kwa pasi, shingo kaigeuza kando.

"Umeninunia, mpenzi?"

"Mpenzi wako si huyo mkali? Mpelekee barua yake."

"Nipe basi anwani. Unayeijua ni wewe."

Nesi akaipokea karatasi. Herufi zilipanda na kushuka, lakini zilisomeka: "Mama, binti yako alitusimulia kwamba mumeo hakurudi kutoka vitani, nawe umeapa hataolewa na askari. Mimi si askari tena. Nimebaki na mkono mmoja, na huo naufundisha kazi. Namwomba binti yako. Yeye mwenyewe bado sijamwambia."

Akaisoma mara mbili.

"Mimi je, hukuona haja ya kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

Nesi akachomoa kalamu mfukoni, akaongeza chini: "Mama, ndiye huyu. Kila herufi hapo nimeiona ikizaliwa. Mimi nimekubali, umebaki wewe."

Luteni akaishika bahasha kwa mkono wake mmoja, nesi akailamba gundi, wakaibana pamoja. Kisha nesi akakimbia nayo uani, aproni ikipepea, akaitumbukiza katika mfuko wa posta.