Shati la Babu Seremala

Kila siku akitoka shule, Bobini alivua sare, akala haraka haraka, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishonea nguo za watu. Kazi yake ilikuwa kuokota vipande vya vitambaa sakafuni, kuitia cherehani mafuta na kupiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa. Wateja ndio waliompa jina hilo la utani, kwa kuwa alizunguka chumbani humo bila kutulia, kama bobini, kile kigurudumu cha uzi, ndani ya cherehani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alikwisha kushona magauni mawili yaliyosifiwa mtaa mzima. Sifa hizo zilikuwa zimemvimbisha kichwa.

Jumanne moja aliingia jirani yao, binti wa Babu Seremala. Alijibwaga kwenye kiti.

“Mama Bobini, baba amegoma. Hataki tena kwenda kliniki.”

Babu Seremala alikuwa amepatwa na kiharusi miezi mitatu nyuma, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Kila Jumatatu alitakiwa kufanyishwa mazoezi ya viungo. Daktari alikwisha kuwaambia bila kuficha kwamba akiyaacha, mkono utakakamaa moja kwa moja.

“Anaogopa maumivu?” Mama aliuliza.

“Maumivu? Yule aliyejichomoa msumari kidoleni kwa koleo, akaendelea na kazi? Anaona aibu. Anasema aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa huu hawezi kufungwa vifungo na binti yake kama mtoto wa chekechea. Nikigusa shati lake, ananifukuza chumbani.”

Mama alifikiri kidogo. “Tutamshonea shati atakalolivaa mwenyewe, kwa mkono mmoja. Bobini, hiyo ni kazi yako. Lifanye rahisi, basi.”

“Hilo tu?” Bobini alicheka. “Mama, hiyo si kazi, ni mchezo!”

Mama hakucheka.

Bobini aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Badala ya vifungo alitia zipu yenye pete kubwa ya kuivuta. Begani aliweka ukanda wa kunata ili bega lifunguke. Mikononi alitia vishikizo vya kubana. Kisha akaongeza mfuko wa dawa, mfuko wa kadi ya kliniki na, kifuani, msumeno mdogo wa nyuzi za bluu. Mwisho akaandika karatasi ya maelezo yenye hatua tisa.

Ijumaa walilipeleka. Babu Seremala alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa fulana tu. Alivuta pete ya zipu kwa mkono wa kushoto, lakini zipu haikupanda, maana hapakuwa na mkono wa pili wa kuushika upande wa chini. Akaushika kwa meno. Ukanda wa begani ukanasa fulana. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Binti yake alipoinuka kumsaidia, mzee alimtupia jicho, naye akarudi kuketi.

“Mjukuu wangu,” mzee alisema akihema, “hili ni shati au mtego wa panya?”

Mzee alilisukuma shati pembeni, akageukia ukutani. “Jumatatu siendi. Msinisumbue.”

Njiani Bobini alinung’unika, “Hakufuata maelezo.”

“Wewe ulilijaribu?” Mama aliuliza.

“Nililijaribu. Lilivalika vizuri kabisa.”

“Kwa mikono mingapi?”

“Miwili,” Bobini alijibu. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, “Mama, nilitaka watu waulize, nani kashona shati hili? Hata sikumfikiria Babu.”

Jumamosi asubuhi Mama alimfunga mkono wa kulia kiunoni kwa utepe wa kitambaa, akampa shati lile. Bobini alihangaika nalo kama Babu alivyohangaika, na hakufua dafu. Alipofunguliwa, alichukua kitambaa kingine. Safari hii aliamua kushona shati la kuvaliwa kichwani, lenye shingo pana na mikono mipana, basi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Shingo ya kwanza ilikuwa ndogo, kichwa kikakwama. Ya pili ilikuwa kubwa, shati likateremka begani. Ya tatu ilienea, lakini mshono wake ulipinda, na hapakuwa na kola ya kuufunika. Aliufumua, akaushona, akaufumua tena. Kila mara alifungwa mkono na kulijaribu upya. Jumapili alasiri machozi yalimtoka.

“Gauni la bibi harusi lina nafuu!”

“Lile lina malinda ya kufichia makosa,” Mama alisema. “Hili kila kitu kiko wazi. Fumua, mwanangu.”

Alijikaza, akafumua mara ya tatu.

Jumatatu, kabla ya shule, walilipeleka bila karatasi ya maelezo. Babu Seremala alilitazama muda mrefu. Kisha, kwa mkono wa kushoto, akauvisha ule uliolala. Akaingiza kichwa. Binti yake aliinuka.

“Keti!”

Mzee akaingiza mkono ulio mzima, akavuta pindo chini. Shati likakaa.

“Fimbo yangu iko wapi?” aliuliza. “Mnataka nichelewe kliniki?”

Mlangoni alisimama, akapapasa ukingo wa shingo. “Umeufumua mara ngapi huu?”

“Mara tatu, Babu.”

“Nilijua. Mlango unaofunguka bila kelele ulinisumbua hivyohivyo, na watu waliupita tu bila kuutazama.” Akashuka ngazi taratibu, binti yake nyuma yake.

Bobini alimwangalia akienda. “Hata hakusema ni zuri.”

“Amelisahau mwilini, anawaza safari yake,” Mama alisema. “Ndivyo kazi iliyofanywa sawasawa ilivyo. Kuongeza vitu ni rahisi, kwa sababu unaweza kuongeza bila kumjua mtu. Ukitaka kupunguza, ni lazima kwanza ujue anahitaji nini, na ukubali kwamba jina lako huenda lisitajwe. Likumbuke hilo katika kila kazi utakayoifanya, si ya sindano tu.”

Bobini aliitikia kwa kichwa. Mbele yao, mzee wa watu alikuwa amekwisha kufika kona, amevaa, na hakuna aliyemvisha.