Hema la Mkwe Ukingoni mwa Mto

Naanza kwa jina la Mola, Mwenye kuiteremsha mvua na Mwenye kuwasitiri viumbe wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake mteule.

Walikuwa watatu garini, wakienda kutembelea hifadhi ya wanyama. Nyamhanga, mfuga ng'ombe wa Butiama, alishika usukani. Ubavuni pake aliketi Hilda, mkewe. Na nyuma Wankyo, mamaye Hilda, mzaliwa wa mwambao wa ziwa upande wa Kisorya, aliyeishi miaka yote jirani na hifadhi asiione. Kwa mila yao, mwanamume hatazamani na mama mkwe, wala hawalali mahali pamoja. Kwa hiyo walibeba mahema mawili, yakasimamishwe kila moja mbali na lenzake.

Mvua iliwakuta hawajafika kambini. Udongo mweusi ukayameza magurudumu, simu hazikushika mtandao, na jua lilikuwa likizama. Nyamhanga akawaachia wanawake gari, akatwaa hema moja, akaenda kutafuta pa kulala. Kwa jicho la mchungaji akachagua uwanda wa nyasi fupi ukingoni mwa mto, safi kama ua uliofagiwa, usio na kichaka cha kuficha nyoka, akalisimamisha hema hapo.

Wankyo akamtuma Hilda akamwambie mumewe kwamba nyasi zile zimenyolewa na viboko, na njia ile iliyochimbika kutoka majini ni yao. Giza likiingia watapanda malishoni. Nyamhanga akajibu, kwa kinywa cha Hilda huyohuyo, kwamba atahamia juu ya kichuguu. Hilda akamwuliza kama kichuguu hicho kina mlango wa kufunga kama gari, akarudi garini.

Mara maji yakapasuka. Kiboko alitoka, mgongo ukimetameta kama mwamba uliolowa, akaifuata njia yake kuelekea hemani. Nyamhanga alirudi nyuma hadi karibu na gari, tope likimfika magotini, akasimama hapo. Hakuthubutu kukimbia, wala kuingia.

Wankyo akafungua mlango, akashuka matopeni, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mahari ipokewe.

"Baba, ingia. Ukikataa, nami nabaki hukuhuku."

"Mama, na aibu hii?"

"Aibu inaoshwaga. Ujane wa mwanangu nitauosha na nini?"

Akaingia, na mama nyuma yake. Kiboko akalikanyaga hema, vigingi vikang'oka, akapita akitafuna kando ya gari hata pumzi yake ikatia ukungu kiooni. Hilda alikaa katikati, mkono mmoja kaushika wa mumewe, wa pili wa mamaye, mpaka kukapambazuka.

Askari wa hifadhi waliwavuta kwa trekta. Kambi ilikuwa nyuma ya kilima kidogo tu. Nyamhanga akasimamisha hema lililosalia, akatandika, kisha Hilda aliponyanyuka aende kumwita mamaye, akamzuia. Akaenda mwenyewe, akainama mlangoni mwa gari.

"Mama," alisema, "njoo ulale. Mimi nitakaa macho."

Ewe Mola, wahifadhi watatu hao katika umri uliowabakizia. Na kila aliye njiani asiyejua ubavu ataulaza wapi, mpe aliye tayari kumfungulia. Amina.