Sifuri ya Wabelgiji

"Korongo, kaa hapo hapo. Usitoke mpaka nikwambie."

Sauti kwenye redio ya Motorola ilikuwa ya Huub Coumans, bosi wake katika Idara ya upelelezi, mtu aliyemfundisha kazi tangu siku ya kwanza. Fieke Reijnders, ambaye redioni aliitwa Korongo, alijibu amepokea, akaikamata vizuri bastola yake ya Walther na kujibanza nyuma ya nguzo.

Alikuwa kwenye gereji ya kuegesha magari ya mtaa mpya wa ghorofa, ukingoni mwa mto Maas upande wa Uholanzi, nusu yake ikiwa chini ya ardhi. Mto ulikuwa umefura na vyombo vyote vya majini vimepigwa marufuku, hivyo doria nazo hazikuwepo. Genge la kigeni lililojenga mtaa huo lilikuwa likingoja siku kama hiyo, livushe silaha kwa boti kutoka Ubelgiji hadi humu.

Boti hazikuja. Yalikuja maji.

Yalipenya chini ya lango, yakafika kwenye vifundo. Fieke alitazama namba iliyopakwa kwenye nguzo, kimo cha sakafu juu ya bahari, kwa mita: thelathini na nusu.

"Bosi, mto utafika wapi?"

"Thelathini, mwanangu. Umeuzidi nusu mita. Hayo ni ya mtaro tu."

Alitaka kumwamini. Asubuhi ile alikuwa amepita mlango kwa mlango akiwaambia wakazi wasihame, maana tathmini ya mafuriko aliyoipitisha Huub ilisema pako salama. Mzee Wiel Hendriks wa ghorofa ya chini, mwenye miguu mibovu, alimpa kahawa na kipande cha keki ya cheri. Fieke akamwambia, maji yakiingia, unilaumu mimi.

Sasa maji yalikuwa magotini.

Ndipo akakumbuka somo la kwanza la Huub. Kwenye mto huu, ukipewa kimo, uliza kwanza kimehesabiwa kwa sifuri ya nani. Wabelgiji ng'ambo huanza kuhesabu chini zaidi ya Waholanzi, zaidi ya mita mbili, kwa hiyo ardhi ile ile ukiiandika kwa sifuri yao inaonekana imepanda. Mto ulitajwa kwa sifuri ya Kiholanzi. Nguzo ilipakwa kwa ya Kibelgiji, kumbe sakafu ilikuwa chini ya mto karibu mita mbili.

Mgeni angeweza kukosea. Si Huub. Huub angesahau jina la mkewe kabla ya kusahau sifuri.

Fieke alijaribu mlango wa ngazi. Umefungwa kwa nje. Bosi wake alikuwa mtu wa genge.

Iliuma. Iliuma kuliko risasi aliyowahi kupigwa begani, kwa sababu siku ile aliyembeba mgongoni alikuwa Huub.

Alizima redio. Dirisha la hewa lilikuwa juu mno kwa mtu mfupi kama yeye, basi akangoja. Maji aliyotegewa yamuue yakamwinua polepole hadi akalifikia. Akalivunja kwa kitako cha Walther, akatoka.

Kijiji kizima kilikuwa kwenye baa, kikisherehekea karnivali, sikukuu ya vinyago na gwaride la magari yaliyopambwa. Fieke aliingia akitiririka maji, akapiga simu polisi bila kupitia Idara, kisha akaomba matrekta yanayovuta magari ya gwaride. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mkuu wa karnivali mwenyewe, manyoya kichwani, alishika usukani.

Walimkuta mzee Wiel amekaa juu ya meza.

"Uliniambia nisiondoke, binti."

"Nilikudanganya bila kujua, mzee. Panda."

Wakampakia kwenye gari la gwaride, kando ya nguruwe mkubwa wa karatasi. Wakazi wenzake wote wakafuata.

Boti mbili zilipofika, zilikuta lango limezama na polisi wametanda ukingoni.

Huub alikuwa amesimama kwenye mteremko wa gereji, koti la mvua limefungwa hadi shingoni, akizitazama boti. Alipogeuka, Fieke alikuwa tayari amemfunga mkono kwa pingu kwenye reli. Maji yalimlamba viatu.

"Fieke. Nifungue, mwanangu."

"Wasiwasi wa nini, bosi? Nusu mita juu ya mto. Hayo ni ya mtaro tu."

"Acha mchezo. Maji yanapanda."

"Basi sakafu iko kimo gani?"

Maji yakafika kwenye vigimbi vya miguu.

"Ishirini na nane," alisema hatimaye. "Kwa sifuri yetu. Nilijua tangu mwanzo."

"Na mimi ndani?"

"Na wewe ndani."

Fieke aliachia kitufe cha Motorola alichokuwa amekibana muda wote.

"Kituo, mmesikia?"

"Tumesikia, Korongo. Sote."

Akamrushia askari ufunguo wa pingu, akapanda mteremko bila kugeuka.